Kazi ya Usiku na Afya ya Roho

Sisi tufundishao watoto ufuoni mwa Ziwa Tanganyika twaona jambo moja karibu kila Jumapili. Mhubiri asimamapo saa tatu asubuhi, wanaume wengi hawapo, na wachache waliopo husinzia kabla hajafika katikati ya neno lake. Watu hunong'ona wakisema, "Hawa wamepoa katika imani." Basi leo twataka kuwatetea ndugu hawa, tena kuwashauri, maana hatari iliyo mbele yao ni ya kweli.

Kazi yao yajulikana. Jua likishuka nyuma ya milima ya Kongo, hutoka na mitumbwi mpaka maji ya kina, huko wakawasha taa. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi wengi hutumia taa za betri. Dagaa huufuata mwanga na kukusanyika, ndipo wavu huinuliwa. Kazi hii yataka giza. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa hauna nguvu ya kuwavuta samaki, na wavuvi hupumzika nyumbani. Lakini usiku wa giza hurudi alfajiri, na wanawake hupokea dagaa ili kuwaanika. Mtu huyu asikiapo kengele ya kanisa, hajalala tangu jana.

Tena yafaa tujue kwamba Mungu ameuwekea mwili saa yake. Mwanga huuambia kuamka, na giza huuambia kulala. Mwaka 2017 wataalamu watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha jinsi saa hiyo ifanyavyo kazi, nao waliichunguza katika nzi wadogo wa matunda. Alalaye mchana hushindana na saa hiyo, kwa hiyo usingizi wake huwa mfupi na mwepesi. Basi asinziaye kanisani tusimwite mvivu. Eutiko alipolala na kuanguka kutoka orofa ya tatu, Paulo hakumkemea, bali alishuka akamkumbatia. Na Eliya alipochoka chini ya mretemu, malaika hakuanza kwa kumhubiri. Alimpa chakula, akamwacha alale tena; ndipo baadaye Bwana akasema naye huko Horebu.

Walakini kutetea si kusema kwamba hakuna hatari. Ziko tatu. Kwanza, sala hupotea, maana mtu aliyezoea kuomba asubuhi na jioni hana tena asubuhi wala jioni. Pili, wengine hunywa pombe wakishuka mtumbwini, wapate usingizi. Kumbe pombe huleta usingizi mbaya, na mwisho humtawala mtu. Tatu, baba na watoto wake hukutana mlangoni tu, yeye akiingia na wao wakitoka kwenda shule. Nyumba isiyo na saa moja ya kukaa pamoja hupoa kama jiko lisilochochewa.

Basi, ndugu wavuvi, twawashauri hivi. Ombeni kabla ya kusukuma mtumbwi, wote pamoja, kwa maneno machache. Taa ikiisha kuwashwa, kuna saa nyingi za kungoja samaki. Saa hizo hujazwa na masengenyo au hujazwa na zaburi, nanyi ndio wenye kuchagua. Mtu ajifunze zaburi moja kwa moyo kila mwezi. Haba na haba hujaza kibaba. Mkirudi, leni, mshukuru, mlale katika chumba chenye giza, wala msione haya. Kulala kwenu ni sehemu ya uaminifu wenu, maana mchovu hukasirika upesi, na ziwani huhatarisha roho za wenziwe. Nanyi akina mama, wakatazeni watoto makelele mlangoni, kisha alasiri mwamsheni baba ale pamoja nao kabla hajatoka.

Na kwenu, wazee wa kanisa, tuna ombi. Kwa nini ibada iwe saa tatu asubuhi tu? Iwepo na nyingine saa tisa alasiri, mitumbwi ingali ufuoni. Tena tutumie mbalamwezi. Mafundisho ya ubatizo, mikutano ya wanaume na mashauri ya ndoa yawekwe katika siku ambazo wavuvi wapo nyumbani. Baba zetu wa kale walitupa mfano bila ya kuwaza habari za dagaa: kwa hesabu ya Kanisa, mwezi mpevu huangukia Juma Kuu kila mwaka, kwa kuwa Pasaka hufuata mwezi huo. Ndiyo maana siku zile kanisa letu hujaa wanaume. Hawakupoa katika imani, walikosa nafasi.

Tukumbuke pia kwamba Simoni na wenzake walikuwa wavuvi wa usiku. Bwana aliwakuta asubuhi wakiosha nyavu, wamechoka, wala hawakupata kitu. Hakuwalaumu kwa uchovu wao, bali aliingia katika chombo chao akafundisha kutoka humo. Basi nasi tushuke ufuoni.