Niliangalia kovu, sikusoma kadi

Kwa miaka mingi fomu ya kujiunga na kituo changu cha kulelea watoto ilikuwa na swali moja la afya: mtoto amepata chanjo zote? Pembeni yake palikuwa na visanduku viwili, ndiyo na hapana. Mimi ndiye niliyekuwa nikiijaza, mzazi akiwa amesimama mbele yangu na mtoto mkononi. Nilikuwa napandisha mkono wa shati la mtoto, naangalia begani, nikiona kovu napiga tiki kwenye ndiyo. Kadi ya kliniki sikuidai. Mzazi akisema imebaki kwa bibi yake Singida, namwambia ataileta, na wote wawili tunajua haitaletwa.

Lile kovu ni la BCG, chanjo ya kifua kikuu, ambayo mtoto huchomwa anapozaliwa. Halisemi lolote kuhusu surua, wala kuhusu zile chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mtoto anaweza kuwa na kovu zuri la duara na asiwe amekanyaga kliniki tena tangu alipotoka wodi ya wazazi. Nilikuwa nayajua hayo. Nimelea wa kwangu, nimekaa foleni za zahanati na kadi zao mkononi. Sikudai kadi kwa sababu Januari ndiyo mwezi wa kugombania watoto. Vituo ni vingi mtaani kwetu hapa Dar es Salaam, na mzazi ukimrudisha akatafute kadi, kesho anaingia kwa jirani. Nilitaka ada. Ndivyo ilivyokuwa, na sina namna nyingine ya kulisema bila kudanganya tena.

Mtoto aliyekuja na surua alikuwa wa miaka mitatu na kitu, ametoka mkoani kuja kukaa kwa shangazi yake. Kovu alikuwa nalo. Alianza na homa, mafua, kikohozi, macho mekundu yanayotoa machozi. Tukadhani ni mafua ya msimu wa mvua. Dada wa darasa lake akawa anamfuta kamasi na kumrudisha kwenye mkeka na wenzake. Upele ulipotoka, kwanza usoni na nyuma ya masikio, kisha ukashuka kifuani, ndipo shangazi yake alipombakiza nyumbani. Lakini mgonjwa wa surua huambukiza tangu siku nne hivi kabla ya upele, na virusi vyake vinaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya yeye kutoka chumbani. Chumba cha wakubwa na cha wachanga kwangu vilitenganishwa na ukuta usiofika darini.

Katika chumba cha wachanga alikuwemo binti wa miezi saba. Kwa ratiba ya Tanzania, chanjo ya surua na rubella hutolewa mara mbili, mtoto akiwa na miezi 9 na miezi 18. Katika miezi saba, kinga aliyotoka nayo tumboni mwa mama yake imeshapungua, na ya kwake mwenyewe hajaipata bado. Mama yake anaweza kuwa hajakosa kliniki hata siku moja, na bado mtoto yuko wazi. Kinachomkinga ni kuwa wote wanaomzunguka wamechanjwa. Ili surua ikose pa kupita, watu 95 katika kila 100 wanatakiwa wawe na kinga. Hesabu hiyo ndiyo inayokifanya kituo kidai kadi ya mtoto wa miaka mitatu: inadaiwa kwa niaba ya yule wa miezi saba.

Na mama wa yule binti aliniuliza. Siku alipomleta, kabla hajamkabidhi, alisema, "Mwalimu, hawa wakubwa wote wamechanjwa? Wangu bado surua."

"Wote, mama. Fomu zao ninazo, usiwe na wasiwasi."

Fomu nilikuwa nazo kweli, zenye tiki zangu.

Binti aliambukizwa surua, akalazwa kwa nimonia. Nilikwenda kumwona wodini nimebeba chupa ya uji na matunda. Alikuwa na mpira wa oksijeni puani, mbavu zikibonyea ndani kila alipovuta pumzi, kope zimegandana kwa tongotongo, na mama yake akimsafisha kwa pamba na maji, taratibu, jicho moja kisha jingine. Walikuwa wameshampa vitamini A, ambayo hupewa wagonjwa wa surua kupunguza hatari ya upofu na kifo. Mama akaniambia, bila kunitazama, kwamba anajilaumu. Jumamosi moja alimpandisha daladala kwenda kumwona bibi yake Mbagala. Labda ugonjwa aliupatia humo. Akawa anarudia, "Ningekaa zangu nyumbani."

Nilijua si daladala. Shangazi wa yule mtoto mwingine alikuwa ameshanipigia simu kunieleza alichoambiwa na daktari, na nilipomuuliza sawasawa alikiri kuwa mtoto hakuwahi kuchomwa ya surua. Nilimwambia mama yule, "Ni mipango ya Mungu, atapona," nikamwacha na lawama isiyo yake. Katika yote niliyofanya, hili ndilo zito. Tiki nilizipiga kwa tamaa na uzembe. Pale wodini nilinyamaza nikiwa na akili zangu timamu.

Afisa afya alipokuja kufuatilia, aliomba orodha ya watoto na chanjo zao. Nikampa faili. Alipekua fomu moja baada ya nyingine, kisha akauliza nakala za kadi ziko wapi. Sikuwa na jibu. Hakunifokea. Alinikumbusha kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009 imeitaja chanjo waziwazi, katika orodha moja na chakula, malazi na mavazi, kuwa ni haki ya mtoto kwa mzazi, mlezi au mtu yeyote anayekaa naye. Mchana kutwa anayekaa nao ni mimi.

Binti alipona. Aliporuhusiwa nilikwenda kwao nikamweleza mama yake kila kitu, pamoja na ile ya daladala. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja: "Siku ile nilipokuuliza, ulikuwa unajua?" Nikamwambia nilikuwa sijui, na nilimjibu kama ninayejua. Akaniomba niondoke. Mtoto hakumrudisha kituoni, na sina haki ya kumtarajia.

Nilipoitisha kadi zote, nilikuta ambacho ningekikuta miaka yote: watoto wengi wameishia surua ya kwanza. Kwa akina mama wengi kliniki inaisha miezi tisa. Mtoto anatambaa, anakula vizuri, mama amerudi kwenye biashara yake, na miezi 18 inapita bila mtu kuikumbuka. Hawa si watu wanaopinga chanjo. Mmoja tu alinitajia uvumi kwamba chanjo ya surua huleta usonji, uliotokana na makala ya Andrew Wakefield ya 1998, ambayo jarida la Lancet lililoichapisha liliifuta lenyewe mwaka 2010. Tulizungumza kwa kirefu, na mtoto akachanjwa. Wengine walihitaji kuambiwa tu. Zahanati za serikali huchanja bure. Kadi ikipotea, rejista ya kliniki huenda ina kumbukumbu. Isipokuwapo, mtoto anachanjwa tena, na dozi ya ziada ya surua haimdhuru. Sikumfukuza mtoto hata mmoja. Ule usumbufu niliouogopa miaka yote ulikuwa wa asubuhi moja ya kwenda zahanati.

Fomu mpya haina kisanduku. Ina nafasi ya tarehe ya surua ya kwanza na tarehe ya surua ya pili, nami nazinakili kutoka kwenye kadi nikiwa nimeishika.

Lakini wapo wazazi walioondoka kwangu kabla ya hapo, wakahamia mitaa mingine, na watoto wao sasa wako shule za msingi. Fomu zao nilizijaza kwa mkono uleule. Kama ulinikabidhi mtoto wako na sikukuomba kadi, usiitegemee tiki yangu. Itafute kadi, angalia mstari wa surua. Ukikuta tarehe moja, au pako wazi, mpeleke zahanati wiki hii.