Kuacha ngano: ni mtindo tu, ama kuna kitu?

Siku hizi simu zetu zimejaa video za watu wanaosema wameacha ngano. Eti ukiacha mkate na chapati, tumbo linapungua, ngozi inang'aa, kichwa kinakuwa chepesi. Huku Nakivale, na kwa sisi tunaopanga Nyamitanga ng'ambo ya mto Rwizi, wengi wanacheka tu. Hapa mtu anakula anachopata. Nani atachagua chakula wakati mgao umepunguzwa mara kwa mara tangu 2020?

Lakini kati yetu kuna dada mmoja ambaye hacheki. Kila akila chapati tumbo linavimba, anaharisha, siku mbili hana nguvu. Akikataa rolex tuliyochangia, anaambiwa anajifanya mzungu. Ndugu zetu, hapa kuna mambo mawili yanachanganywa.

La kwanza ni ugonjwa. Unaitwa siliaki. Ngano, shayiri na rai zina protini inayoitwa gluteni. Kwa mwenye siliaki, kinga ya mwili ikikutana nayo inaanza kushambulia utumbo wake mwenyewe. Chakula kinapita bila kumfaidi: anakonda, damu inapungua, mtoto hakui. Willem Dicke, daktari wa watoto huko Uholanzi, alikuwa ameanza kuishuku ngano. Wakati wa njaa ya vita, 1944 na 1945, mkate ulikosekana, na watoto wenye ugonjwa huu wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaumwa tena.

Na tusiseme ni ugonjwa wa matajiri. Wakimbizi wenzetu Wasahrawi wako kambini karibu na Tindouf, Algeria, tangu miaka ya 1970, na unga wa ngano wa msaada ni chakula chao kikubwa. Mwaka 1999 jarida la Lancet lilitoa matokeo ya kuwapima watoto wao: zaidi ya 5 kati ya 100 walikuwa na siliaki. Ulaya ni kama 1 kati ya 100. Fikiria mama anayeona mtoto amekonda, anadhani ni utapiamlo tu, na anazidi kumpa mkate!

La pili ni mtindo. Kama huna siliaki wala aleji ya ngano, hakuna ushahidi kwamba kuiacha kutakuongezea afya. Kweli, kuna watu wengine ambao ngano inawasumbua tumbo bila kuwa na siliaki, na madaktari wanalijua hilo. Lakini wengi wa kwenye video wamepungua kwa sababu wameacha mandazi, keki na biskuti. Ukiacha hivyo vyote, hata wewe utapungua.

Sasa ukijiona una dalili, usikimbilie kuacha ngano peke yako. Kwanza kapimwe damu. Kipimo kinatafuta alama za kinga ya mwili, na ukiwa umeshaacha ngano muda mrefu kinaweza kuonyesha huna kitu, kumbe unao. Si kila zahanati ina kipimo hicho, kwa hiyo uliza, na ukiambiwa ni minyoo mara ya tatu, uliza tena.

Habari njema ni kwamba chakula chetu cha nyumbani hakina gluteni: bugali wa muhogo, posho, matoke, wali, mtama, ulezi, viazi, maharagwe, sombe. Hatari iko kwenye unga wa uji uliochanganywa sokoni, kwenye mashini iliyotoka kusaga ngano, na kwenye kikaango kile kile cha chapati.

Kwa hiyo tusimfuate kila mtu wa kwenye simu, lakini pia tusimcheke mwenzetu anayekataa chapati. Mkimbizi ameshanyimwa kuchagua mambo mengi. Akisema chakula fulani kinamuumiza, tumsikilize kwanza. Kwenye sherehe ijayo, sufuria moja ya mihogo pembeni haitatufilisi.