Zermatt, Kijiji Kilichotajirika kwa Theluji

Mgeni aendaye Zermatt kwa motokaa, hata iwe ya thamani namna gani, hana budi kuiacha katika kijiji cha Täsch, yapata kilomita tano kabla ya mwisho wa safari yake. Hapo tajiri na maskini huwa sawa: kila mmoja hukata tikiti, huchukua mizigo yake, na kuingia katika gari la moshi. Jina hilo la gari la moshi ni la mazoea tu, maana reli hiyo huendeshwa kwa nguvu za umeme wala haitoi moshi hata kidogo. Baada ya dakika chache abiria hushuka kijijini, na huko mbele yao husimama mlima mmoja peke yake, uliochongoka kama jino la mnyama. Huo ndio Matterhorn, wenye kimo cha mita 4,478. Wenyeji huuita Horu, maana yake Pembe.

Zermatt iko kusini mwa Uswisi, katika jimbo la Valais, karibu na mpaka wa Italia, mahali palipoinuka mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari. Wakazi wake wa daima ni kama 6,000 tu, lakini katika siku za msimu wageni huwazidi kwa mbali. Barabara kuu haina honi wala harufu ya petroli. Motokaa za petroli zimepigwa marufuku, isipokuwa chache za kazi maalum kama zile za kuzima moto. Wenye mizigo huchukuliwa na magari madogo ya umeme, yaliyo kama masanduku ya bati yenye magurudumu, na mengi kati yake hutengenezwa papo hapo kijijini. Asiyeangalia nyuma yake huweza kugongwa, kwa kuwa magari hayo huja kimya kimya. Marufuku hiyo haikutoka katika ukaidi. Wenyeji walifahamu kwamba mtu aliyekimbia moshi wa mji mkubwa hatalipa fedha nyingi ili apate kuvuta moshi ule ule mlimani.

Utajiri huu si wa kale. Miaka 200 iliyopita Zermatt ilikuwa kijiji cha wachungaji, watu waliofuga ng'ombe, mbuzi na kondoo, na kulima nafaka kidogo katika mashamba ya mteremkoni. Maghala yao yangali yamesimama hata leo, ya mbao zilizoiva kwa jua hata zikawa nyeusi. Kila ghala limewekwa juu ya miguu mifupi, na juu ya kila mguu pana jiwe bapa la mviringo ili panya asipate njia ya kupanda. Watu wanaolinda nafaka yao namna hiyo ni watu walioijua njaa. Kwao majira ya baridi yalikuwa adui, na theluji ilikuwa kifungo.

Mnamo miaka ya 1850 alikuja mtu mmoja, Alexander Seiler, aliyekuwa amejifunza kazi ya kutengeneza sabuni. Yeye naye alikuwa mzaliwa wa jimbo hilo la Valais, ila alitoka bonde jingine. Aliitwaa nyumba ndogo ya wageni, akaiita Monte Rosa, akaanza kupokea Waingereza waliopenda kupanda milima. Tarehe 14 Julai 1865 Mwingereza Edward Whymper na wenzake sita walifika kileleni mwa Matterhorn, ambapo hakuna mtu aliyepata kufika kabla yao. Walipokuwa wakishuka mmoja aliteleza, kamba ikakatika, na watu wanne wakaanguka wakafa. Whymper alisalimika pamoja na viongozi wawili wa Zermatt, Peter Taugwalder na mwanawe. Kipande cha kamba ile kimewekwa katika jumba la makumbusho la kijiji. Mtu angedhani kwamba baada ya msiba ule wageni wangekoma kuja. Sivyo ilivyokuwa. Jina la Zermatt lilienea pote katika Ulaya, na wageni wakazidi.

Seiler alipanua biashara yake, akajenga na kununua hoteli nyingine. Hata hivyo ardhi, misitu na malisho vilikuwa mali ya jumuiya ya koo za wenyeji, na yeye hakuhesabiwa miongoni mwao. Mwaka 1871 aliomba apokewe kuwa mwananchi wa kijiji. Wenyeji walikataa. Shauri likaenda mbele ya wakubwa wa jimbo na hata mbele ya serikali ya nchi nzima, na wenyeji wakazidi kukataa, mpaka mwaka 1889. Walihofu kwamba aliyekuwa na hoteli angepata na malisho, na mwishowe wao wangebaki watumishi katika bonde la baba zao.

Tena hawakukaa wakilalamika tu. Waliungana, wakafanya kazi kwa zamu, wakajenga hoteli yao wenyewe, iitwayo Zermatterhof, iliyofunguliwa mwaka 1879. Hoteli hiyo ni mojawapo ya zile za fahari kabisa kijijini, na hadi leo ni mali ya jumuiya hiyo. Hivyo wajukuu wa wachungaji hawakuiuza ardhi yao ili wapate faida ya siku moja. Waliikalia wenyewe, na faida ikawafuata.

Hapo kwanza wageni walikuja wakati wa kiangazi tu. Reli ya kutoka Visp ilifika mwaka 1891, na ile ipandayo Gornergrat, mita 3,089, ilifunguliwa mwaka 1898, lakini theluji ilipoanguka kijiji kilifungwa. Mchezo wa skii, yaani kuteleza thelujini kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni, ndio uliobadili mambo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 hoteli zilianza kufungua milango wakati wa baridi, na katika miaka ya 1930 reli ikaendeshwa mwaka mzima. Adui wa zamani akageuka mwajiri.

Siku hizi kila majira yana kazi yake. Wakati wa baridi wageni huteleza katika njia za theluji zenye urefu wa kilomita zaidi ya 300, na wengine huvuka hata Italia, wakala chakula cha mchana huko, wakarudi kabla ya jua kutua. Wakati wa kiangazi hutembea kwa miguu katika njia za milimani, na jioni hulipisha kundi la mbuzi likipita katika barabara kuu, kengele zikilia shingoni. Wakati wa vuli misitu hugeuka rangi ya dhahabu. Na tangu mwaka 1979 vyumba viningíniavyo katika kamba za chuma hupandisha watu hadi karibu na kilele cha Klein Matterhorn, mita 3,883, penye uwanja wa barafu ya kudumu uitwao Theodul, ambapo watu huteleza hata mwezi wa Julai.

Hata hivyo kijiji kimejifunza kwa uchungu kwamba mali ya namna hii hutaka ulinzi. Mwaka 1963 maji ya kunywa yalichafuka, homa ya matumbo ikaingia, watu zaidi ya 400 wakaugua na watatu wakafa. Hoteli zikafungwa, na wageni wakatawanyika. Mnamo Januari 2018 theluji iliziba barabara na reli, na wageni wapatao 13,000 hawakuweza kutoka ila wale wachache waliochukuliwa kwa helikopta. Tena kuna taabu ya nyumba. Wafanya kazi wa hotelini, wengi wao Wareno, huona shida kupata chumba kwa kodi wanayoiweza, na wengine hulala katika vijiji vya chini na kupanda kila alfajiri kwa gari la moshi. Swali la siku za Seiler, la nani ahesabiwe kuwa mtu wa bonde, bado halijaisha.

Lakini jambo lililo zito kuliko yote liko juu, barafuni. Hewa waliihifadhi kwa marufuku, na maji kwa uangalifu. Theluji haitii amri ya kijiji. Mwishoni mwa Julai 2022 joto lilizidi hata mchezo wa skii wa kiangazi ukasimamishwa. Mwezi wa Oktoba mwaka ule mashindano makubwa ya skii yaliyotazamiwa kuanzia Zermatt na kumalizikia Italia yalivunjwa kwa uhaba wa theluji. Katika miaka miwili, 2022 na 2023, barafu za milima ya Uswisi zilipoteza sehemu moja katika kumi ya ujazo wake wote.

Mnamo Julai 2023 wapandaji waliokuwa wakivuka barafu ya Theodul waliona kiatu cha mpanda mlima kimetokeza. Palikuwa na mwili wa Mjerumani aliyepotea mwaka 1986. Kwa miaka 37 barafu ilikuwa imemficha, na sasa, kwa kuyeyuka, ikamrudisha kwa jamaa zake.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Zermatt imepona kwa wageni, na haikuuza ardhi yake wala hewa yake ili kuwapata. Wazee wa kijiji waliyaweka maghala juu ya mawe ili panya wasile akiba. Akiba ya wajukuu wao ni barafu, na anayeila ni joto, ambalo sehemu kubwa yake hutoka katika moshi wa nchi za mbali, pamoja na ule wa motokaa zilizoachwa Täsch zikingoja wenyewe warudi.