Buibui Wanane wa Mjukuu Wangu

Ndugu na jamaa, mhariri wa kitabu chetu cha mwaka aliniomba niandike habari za nyumba yetu. Nilipomwambia kuwa habari kubwa ya nyumba yetu kwa miaka hii ni buibui, alicheka sana, kisha akasema, "Basi tuandikie hao buibui." Walio na moyo mwepesi katika mambo ya wadudu na wauruke ukurasa huu, waende kwenye picha za harusi.

Mnajua kwamba mwanangu wa pili alifariki Aprili 2020, wakati wa korona, na mnajua mazishi yalivyokuwa: watu wachache makaburini, wengine wote kwenye simu, nanyi wa Tanga, Maskati na Toronto mkisoma dua huko huko mliko. Mwanawe alikuwa na miaka 10. Baba yake alichukuliwa usiku na gari la wagonjwa, na mtoto hakumwona tena. Tangu siku ile akawa hana maneno. Shule akienda, chakula akila, lakini ukimwuliza jambo hujibu kwa kichwa. Kwa kuwa mama yake hufanya kazi za zamu ya usiku, mtoto akawa analala kwetu hapa Sparkbrook siku nne katika kila juma.

Oktoba 2021 alirudi kutoka maktaba na kitabu kwapani, akasimama mbele yangu, akatamka sentensi ndefu kuliko zote tulizozisikia kwake kwa mwaka na nusu: "Babu, nataka kufuga tarantula, wadogo kabisa, niwalee mwenyewe mpaka wawe wakubwa." Bibi yake alishika kichwa. Mimi, kusema kweli, kwa sentensi ile hata angeomba mamba ningemtafutia.

Tulikwenda kwa bwana mmoja Mwingereza anayewazalisha nyumbani kwake. Sheria ya mwaka 1976 ya wanyama wa hatari inadai leseni kwa baadhi ya buibui wenye sumu kali, lakini tarantula hawamo katika orodha hiyo. Tukapewa watoto wanane, kila mmoja ndani ya kichupa chake cha plastiki chenye matundu, kwa maana ukiwaweka pamoja hulana. Hawakuzidi ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho, miguu na yote. Sita walikuwa wa aina ya Amerika ya Kati, wenye vinyweleo vilivyojikunja, wapole na wazito wa kukua. Wawili waliobaki walikuwa na kikaratasi kilichoandikwa "Usambara".

Hapo mimi nikacheka peke yangu. Nimezaliwa Muheza, milima ya Usambara tukiiona kila asubuhi ikiwa haina mawingu. Utotoni tulikuwa tukichokonoa mashimo ya buibui wakubwa kwa bua la nyasi, naye hutoka akainua miguu ya mbele juu kama mtu anayetaka ngumi, nasi tukatawanyika. Leo namkuta Birmingham ana bei! Jina lake la kitaalamu ni Pterinochilus murinus, alilopewa mwaka 1897 na Bwana Pocock wa jumba la makumbusho la Uingereza kule London. Neno hilo la pili ni la Kilatini, maana yake ni "kama panya", ingawa wale wa Usambara wakikua huwa na rangi ya chungwa lililoiva. Waingereza humwita buibui wa nyani, kwa kuwa miguu yake inafanana na vidole vya nyani. Ana mbio, ana hasira, na akiuma, maumivu na mishipa kukaza huweza kudumu siku kadhaa, ijapokuwa haijulikani kuwa amewahi kuua mtu. Kwa hiyo nikaweka amri moja: vichupa viwili vya Usambara atavifungua babu tu. Wale sita ni wake.

Jambo la pili lililonichekesha ni udongo wao. Huwekewa makumbi ya nazi yaliyosagwa, nayo huuzwa madukani yakiwa yamegandamizwa kama tofali. Ukiliroweka huvimba likajaza ndoo nzima. Bibi yake aliposikia kuwa tumelipa pauni kwa makumbi, alisema kwao Pangani yalikuwa yakitupwa njiani. Joto halikutusumbua sana, maana vichupa tuliviweka katika kabati la tangi la maji ya moto, pamoja na mashuka. Kipindi cha baridi cha 2022, bei ya gesi ilipopanda mpaka sisi wenyewe tukavaa makoti ndani ya nyumba, buibui ndio waliokuwa na mahali pa joto kuliko wote.

Chakula chao ni nyenje wadogo wanaouzwa hai kwa kopo. Mtoto wa buibui akiwa mdogo mno hupewa paja la nyenje tu, naye hulifyonza. Unaweka tone la maji upande mmoja wa kichupa, upande mwingine unaachwa mkavu, achague mwenyewe.

Sasa nije kwenye kujivua gamba. Buibui hana mifupa ndani. Gamba la nje ndilo mifupa yake, nalo halinyooki. Akitaka kukua hana budi kulivua lote. Mtoto hufanya hivyo mara nyingi, pengine kila baada ya wiki chache, na kadiri anavyokua ndivyo anavyochelewa. Siku zikikaribia hukataa chakula, tumbo huwa jeusi na kung'aa, naye hufuma kitanda cha utando. Hapo nyenje yeyote aliyebaki lazima atolewe, kwa sababu buibui akiwa katika hali ile ni laini, na nyenje humtafuna yeye.

Kujivua kwa kwanza kulitokea Novemba, usiku wa manane. Mjukuu alikuja chumbani kwetu, hakuwasha taa, akasema, "Babu, namba 2 amekufa." Nikaenda kutazama. Namba 2 amelala chali, miguu yote juu. Nilikuwa nimekisoma kile kikaratasi cha yule bwana, nikamwambia, "Tazama miguu. Imenyooka au imekunjwa?" Akasema imenyooka. Nikamweleza: buibui ana nyama za kukunjia miguu, lakini kuinyosha huinyosha kwa nguvu ya maji ya mwilini. Akifa, nguvu ile huisha, miguu yote hukunjwa chini ya tumbo kama ngumi. Aliyelala chali na miguu wazi hajafa, yumo kazini.

Tukakaa sakafuni na tochi tuliyoifunika kwa leso. Kwanza mgongo wa mbele ulifunguka kama kifuniko cha sufuria. Kisha miguu ikaanza kuvutwa, kidogo kidogo, kama mtu anavyovua glavu, anavuta, anapumzika, anavuta. Mtoto alikuwa akihesabu. Gamba lilipoanguka pembeni lilikuwa buibui mzima, na miguu yake minane, hata meno; na yule mwenyewe amelala kando, mkubwa kuliko alivyokuwa, rangi ya maziwa. Meno mapya huwa meupe, kisha huwa mekundu, na mpaka yawe meusi na magumu hapewi chakula.

Tulipokuwa tumekaa hivyo, mjukuu akauliza bila kunitazama, "Baba alikuwa na mtu pale?" Nikamjibu nilichokijua: kwamba muuguzi mmoja mwanamke alikuwa naye, alimshika mkono, akatupigia simu yeye mwenyewe baadaye akatueleza. Hakuwa amewahi kuambiwa hivyo, maana hakuwahi kuuliza, na sisi watu wazima tulikuwa tukiogopa kulitaja. Akauliza mengine mengi. Tuliongea mpaka adhana ya alfajiri ikalia kwenye simu yangu.

Bibi yake kwa upande wake alikuwa na maneno yake. Alikulia kwa wazee wasioua buibui, kwa ajili ya ile hadithi ya pango la Thauri na utando uliofumwa mlangoni, kwa hiyo kuwatupa hakuweza, na kuwapenda hakuweza. Alipoonyeshwa gamba la tatu alisema, "Mimi buibui langu moja linanitosha miaka kumi, hawa wanabadilisha kila mwezi!" Siku hizi ndiye anayetukumbusha kutia maji.

Si wote waliopita salama. Machi 2022 namba 5 alikwama. Mwili ulitoka, miguu mitatu ikabaki imenasa kwenye gamba. Tulilowesha kwa maji kwa ncha ya brashi ya rangi, saa nzima, mguu mmoja ukatoka, miwili ikakatika. Nilidhani amekwisha. Aliishi. Alipojivua tena miguu miwili ilikuwa imeota, myembamba kama uzi, na mara iliyofuata ilikaribia kulingana na mingine. Lakini namba 7, aliyekuwa mdogo kuliko wote, alikwama mwezi wa Juni akiwa nusu nje. Asubuhi mjukuu aliniita, akanionyesha. "Imekunjwa, babu," akasema. Alimzika chini ya mti wa tofaa uani, nami nikasimama naye. Alilia siku ile, na bibi yake akaniambia ndiyo mara ya kwanza kumwona akilia tangu msiba. Hatukumnyamazisha.

Magamba yote ameyahifadhi katika sanduku la viatu, kila moja na tarehe yake. Nayo yana kazi: ukililoweka gamba kwa maji na tone la sabuni, ukalikunjua ukalitazama kwa kioo cha kukuzia, la jike huonyesha kifuko kidogo cha uzazi, la dume halina. Hivyo tukajua kuwa katika wale watano wa Amerika watatu ni majike, ambao huishi hata zaidi ya miaka kumi. Madume hayana umri huo. Mmoja wa Usambara alikuwa dume. Alijivua mara ya mwisho mwaka 2023, akatembea usiku kucha akitafuta mke, tukamrudisha kwa yule bwana apate mwenza, na haukupita muda mrefu akafa. Mwenzake jike amejaza kichupa kizima kwa utando, na hasira zake ni zile zile za Muheza.

Wanaotaka kuja kutazama wakaribie, ila wapige simu kwanza. Juma hili namba 4 ana siku 19 hajala, tumbo limeiva weusi, na mjukuu amebandika karatasi mlangoni kwa Kiswahili na Kiingereza kwamba asibishe mtu hodi kwa nguvu.