Umekosea Namba

Simu ya kwanza iliingia Machi 2024, saa moja na robo asubuhi, nikiwa nimechuchumaa napiga msasa miguu ya kochi. Namba sikuijua, lakini kwenye kazi yetu namba usiyoijua ndiyo tamu kuliko zote, maana mteja mpya huwa bado hana jina. Nikapangusa vumbi mkononi, nikapokea kwa sauti yangu ya biashara.

"Shani, leo siku ya tatu. Unalipa au hulipi?"

Nikamwambia amekosea namba. Akacheka kidogo, kama mtu aliyesikia kichekesho anachokijua.

"Wote mnasema hivyo," akasema, akakata.

Shani si jina lake. Nimelibadilisha, kwa sababu lile la kweli nimelisikia likitukanwa mara nyingi mno na sitaki kuliongezea safari nyingine.

Ile laini niliinunua wiki tatu kabla, kwa kijana wa chini ya mwavuli pale Keko Machungwa. Nikataja namba yangu ya NIDA, nikaweka kidole, akasubiri mtandao, ikakubali. Baba aliipenda ile namba kwa sababu tarakimu zake za mwisho zinajirudia, mtu akipita na daladala anaweza kuishika. Siku ile ile akamwita mchoraji, ikapakwa rangi nyekundu kwenye ubao wa karakana: makochi, vitanda, makabati, piga namba hii. Hakuna aliyetuambia kwamba namba hiyo ilishawahi kuwa na mwenyewe. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni huifunga, kisha huirudisha sokoni kama mpya. Kinachobaki ni watu wote walioihifadhi kwenye simu zao, ambao hakuna anayewapa taarifa. Ni kama kupanga chumba ambacho mpangaji aliyepita alihama usiku.

Anayeijua Keko anajua mandhari yetu: makochi yamepangwa kandokando ya barabara, yamevikwa nailoni yasipigwe na vumbi, nyuma yake mafundi, maranda hadi kwenye kifundo cha mguu, harufu ya vanishi. Mimi nina diploma ya uhasibu ambayo haijanipeleka popote, kwa hiyo napokea oda, napiga picha za samani na kuziweka mtandaoni, nasumbuana na wateja waliotoa nusu. Oda zikiwa chache napiga msasa. Simu ndiyo ofisi yangu. Watu walioniambia "si ubadilishe tu namba" walikuwa na nia njema, ila hawakuuona ule ubao, wala wateja wa Mbagala na Kigamboni wanaotuma malipo kwenye laini ile ile.

Kufikia Aprili nilikuwa nahesabu. Siku moja zilifika kumi na moja. Walikuwa wamegawana zamu. Asubuhi dada mwenye sauti ya kusoma taarifa ya habari, ananiita mpenzi mteja. Mchana kijana anayekuja na hesabu: deni, adhabu, jumla. Jioni yule mwingine, ambaye maneno yake siwezi kuyaandika hapa, maana mama yangu anasoma ninachoandika. Ukizuia namba moja, wanakuja na nyingine. Nilikwenda kwenye duka la kampuni ya simu nikapanga foleni saa nzima, nikashauriwa ninunue laini nyingine.

Shida ilikuwa kwamba mimi ni msichana, na Shani ni msichana. Mwanaume angepokea mara mbili wangechoka. Mimi nikisema "siyo mimi", yule wa jioni anasema, "Sauti ndiyo hiyo hiyo, Shani, tunakurekodi." Nikasema mimi ni mtoto wa fundi seremala. Akasema hata Shani ana baba. Jaribu siku moja kumthibitishia mtu wa kwenye simu kwamba wewe siye fulani. Nilibonyeza *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu, na namba ikaja pale, yangu, halali kabisa. Lakini uthibitisho huo ulinisaidia mimi peke yangu. Tulipoambiwa mwisho wa kusajili laini kwa alama za vidole ni Januari 20, 2020, tukajazana kwenye foleni za NIDA, nilidhani maana yake ni kwamba kuanzia hapo kila namba itajulikana ni ya nani. Wenye kunipigia hawakuwa na haja ya kujua. Walikuwa na namba, inatosha.

Kuna siku yule wa jioni alifoka, "Tutakupeleka Keko!" Nikajikuta nasema, "Niko Keko." Kimya. Kwa mtu wa Dar, Keko ni gereza la mahabusu kwanza, makochi baadaye. "Ulikamatwa lini?" akauliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu wa kawaida. Mafundi walicheka hadi mmoja akaacha gundi ikakauka. Hadithi hiyo niliirudia wiki nzima kwa kila aliyepita pale. Ndivyo tulivyoishi na Shani, kama kichekesho cha karakana. "Shani, chai imeiva." "Shani, lipa deni la watu."

Na mimi nilimchukia, niseme ukweli. Nilimwona msichana wa saluni, kucha ndefu, amekopa pesa ya kula bata kisha katupa laini.

Mwezi wa sita dada wa asubuhi akaja na pendekezo la amani. Kama mimi siye Shani, nitume picha ya kitambulisho changu cha NIDA, na nyingine nimekishika karibu na uso, wao watafunga faili. Aliongea vizuri sana. Nilishatoa kitambulisho kwenye pochi, nilishakisimamisha juu ya meza ya randa nikitafuta mwanga. Aliyenizuia ni fundi wetu wa sponji, dada mmoja mwenye watoto wawili, aliyekuwa akishona foronya pembeni. "Usitume," akasema bila kuinua macho. "Mimi nilituma."

Hapo ndipo nikajua inavyokwenda. Aliomba 50,000 kwenye programu ya simu, siku mtoto alipolazwa. Kabla ya kumpa, programu ilimtaka aruhusu isome majina yote kwenye simu yake, naye akabonyeza kukubali, kama tunavyobonyeza sote. Iliyoingia ni 32,500, nyingine wakaita gharama. Baada ya siku saba akatakiwa kurudisha 50,000 na riba yake. Siku ya nane walimpigia mwenye nyumba wake. Siku ya tisa, mwalimu wa mtoto. "Kausha damu ya mtaani," alisema, "mwenyewe anakuja mlangoni, unamwona, mnagombana, anachukua tivii yako anaondoka. Huyu hana sura."

Wiki hiyo hiyo nikaingizwa kwenye kundi la WhatsApp. Jina la kundi lilikuwa jina la Shani na neno MWIZI. Tulikuwa watu arobaini na kitu, waliochotwa kwenye simu yake. Namba yangu nayo ilikuwamo, yaani namba yake mwenyewe ya zamani. Picha ikatumwa. Amejifunga mtandio wa kijani, kitambulisho ameshika karibu na shavu, na juu yake maandishi mekundu. Anadaiwa shilingi 60,000.

Niliiangalia muda mrefu. Kucha zilikuwa fupi. Alikuwa na ule uso wa kupigwa picha ya kitambulisho, wa mtu anayejizuia asicheke. Ni picha ile ile niliyotaka kuipiga mimi juu ya meza ya randa. Watu wakaanza kutoka kwenye kundi mmoja mmoja: fulani ametoka, fulani ametoka. Hakuna aliyeandika neno. Mimi pia nilitoka bila kuandika neno.

Kisha akapiga bibi. Ilikuwa Jumapili, na nilishaanza kupokea kwa ukali: "Nani?"

"Shani, mwanangu, mbona kimya hivyo?"

Sauti ya mtu mzima, nyuma yake jogoo. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza taratibu kwamba namba hii sasa ni ya mtu mwingine. Aliniuliza mara tatu kama mjukuu wake ni mzima. Nikasema sijui, bibi. Akaniambia na yeye wanampigia, watu wa mjini, wanasema yeye ni mdhamini. "Mdhamini ni nani?" akaniuliza. Nikajaribu kumweleza. Akasema hakuweka sahihi popote, hata kusoma hajui, ila kama ni 60,000 wasubiri mavuno ya korosho. Nilimkataza asitume chochote kwa yeyote. Sijui kama alinisikia. Kabla ya kukata akaniombea dua, mimi, mtu wa namba ya mjukuu wake.

Nilipomaliza kuwasimulia mafundi, hakuna aliyecheka. Baba alikuwa amesimamisha randa. Nakumbuka sasa kwamba aliisimamisha, ingawa siku ile sikuitilia maanani.

Tangu hapo waliponipigia sikuwaambia tena wamekosea. Nilikuwa nasema "subiri kidogo", naweka simu juu ya benchi karibu na msumeno wa umeme, naendelea na kazi. Sidhani kama kulimsaidia Shani. Kulinisaidia mimi.

Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na Novemba ikatangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Niliisoma kwa sauti pale karakana, jina moja baada ya jingine, kama matokeo ya mtihani. Fundi wa sponji aliisikia ya kwake, akapiga kelele ya kushangilia, kisha akanyamaza, akasema, "Sasa wale waliotoka kwenye kundi langu watarudi?" Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tulikuwa nayo tangu 2022, inatumika tangu Mei 2023. Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Data alishaitoza kampuni ya mikopo faini ya karibu milioni tatu za kwao kwa kusumbua watu kwa namba zilizochukuliwa kwenye simu za wengine. Mambo haya niliyasoma yote mwezi ule, kwa hasira ya mtu anayegundua kwamba kulikuwa na mlango muda wote aliokuwa akipigana na ukuta.

Simu zilipungua. Kufikia Krismasi zilikuwa zimekwisha. Nikarudi kupokea kwa sauti ya biashara.

Januari 2025, Jumanne, baada ya chakula cha mchana. Kijana mwenye adabu. Akanisalimia, akajitambulisha, akataja taasisi anayotoka, yenye ofisi na leseni. Akauliza kama anaweza kuongea na mzee, akataja majina matatu kamili. Majina ya baba yangu.

"Umekosea namba," nikasema, nikakata.

Mdomo ulisema wenyewe. Miezi tisa ya mazoezi. Baba alikuwa hatua tano kutoka nilipo, anapima ubao wa mninga, penseli sikioni, na nilijua kwa namna alivyoendelea kupima ubao ule ule kwamba alisikia.

Sikumuuliza mpaka jioni, wenzetu walipoondoka. Alinieleza kwa kifupi. Kulikuwa na oda ya vitanda ishirini vya nyumba ya wageni. Mteja alitoa maneno, hakutoa pesa, baba akakopa milioni moja na laki nane anunue mbao. Mteja akapotea. Namba aliyoandika kwenye fomu ilikuwa yangu, kwa sababu kitochi chake kinashinda kimezimika, na kwa sababu, alisema, "namba ya ofisi si ndiyo hiyo?" Alikopa mwezi wa tano. Yaani muda wote nilipokuwa nasimulia habari za Shani na kuigiza sauti za wadai, alikuwa anahesabu marejesho yake kichwani, hatua tano kutoka kwangu. Nikatafuta kwenye kumbukumbu kama alicheka siku ya "Niko Keko". Sikumwona akicheka. Sikumwona kabisa.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ungeniita Shani," akasema. Alijaribu kutabasamu.

Yule kijana alipiga tena Alhamisi. Niliitazama simu ikitetemeka juu ya meza, kwenye vumbi la mbao, ikijichorea mstari. Nikapokea. Akauliza, kwa uangalifu wa mtu aliyewahi kukatiwa, kama safari hii amepata namba sahihi.

"Ndiyo," nikasema. "Ni hapa."

Nikampelekea baba. Alifuta mikono kwenye aproni, mbele na nyuma, kama anayekwenda kushika kitu kisafi. Nilimsikia kijana akimwamkia, na baba akaitikia marahaba kwa sauti ndogo, akatoka nje na simu yangu, akaenda kusimama nyuma ya makabati yasiyopakwa rangi, mgongo ametupa sisi.