Kompyuta peke yake haitoshi

Wenzangu, mnaniuliza: kama unasoma kompyuta, hiyo teknolojia na sera ya umma uliyoongeza ni ya nini?

Mimi naishi Tororo, Busia naenda mara kwa mara. Pale mji una jina moja, nchi mbili. Simu ni ile ile, ila kusajili laini ng'ambo ni sheria nyingine, kitambulisho kingine. Hapo fundi hana la kufanya.

Sisi wakimbizi tushatoa alama za vidole. Mwaka 2019 Uganda na Kenya zote zilipitisha sheria za kulinda data binafsi: una haki ya kujua taarifa zako zinatumika vipi. Lakini nani kati yetu ashawahi kuuliza?

Ndiyo maana nasoma yote mawili. Na nyinyi kaka na dada wa mashirika, kabla ya kidole kuwekwa kwenye mashine, tuelezeni kwanza.