Mkoba Usio na Siri

Bryant-Denny ni uwanja wa Chuo Kikuu cha Alabama, mjini Tuscaloosa, Marekani, uliofunguliwa mwaka 1929. Siku ya mpira wa Kimarekani hukusanya watu wapatao 100,000. Tangu msimu wa 2017, mkoba uingiao sharti uwe wa plastiki angavu, usiozidi inchi 12 kwa 6 kwa 12. Nepi za mwana na chupa yake ya maziwa vikaonwa na kila apitaye. Usalama ni hoja, wala hatuipingi. Lakini mwanamke naye ana haki ya sitara. Ameachiwa kipochi kimoja kisichopenya jicho, inchi 4.5 kwa 6.5, kadiri ya kiganja. Vya faragha yake, na avibane humo.